Nyumba ya jirani imepata nyufa, mkandarasi anasema bima italipa: nani anawajibika?

Swali: "Habari wakili. Ninajenga jengo la ghorofa nne Magomeni, na chini ya ardhi kutakuwa na maegesho ya magari. Mwezi uliopita tulichimba shimo la kina cha mita tatu na nusu hivi, kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa jirani. Jirani ni bibi mjane, nyumba yake ni ya miaka mingi. Tulikuta maji, tukafunga pampu zikawa zinavuta usiku na mchana. Wiki ya pili ukuta wake wa upande wetu ulianza kupasuka, na sasa mlango wa chumba kimoja haufungi. Mkandarasi anasema nisihangaike: ana bima ya ujenzi, na mkataba wetu unasema hasara yoyote kwa majirani ni juu yake. Mtathmini wa kampuni ya bima alikuja, akapiga picha, akasema kwa mdomo kwamba nyufa za aina hii hazimo kwenye bima. Juzi nimepokea barua ya wakili wa familia ya bibi. Wanadai shilingi milioni 85 ndani ya siku 14. Msimamizi wangu wa saiti ananishauri nimpe bibi milioni tano, asaini karatasi, tuendelee kuchimba. Mimi nahusikaje wakati kazi nilishamkabidhi mkandarasi? Na bima kweli inaweza kukataa? Benki inasubiri, na watu wawili tayari wametanguliza fedha za nyumba zao."

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya sheria tuongee kuhusu shimo, kwa sababu bado liko wazi. Simamisha uchimbaji wa upande wa bibi leo. Lakini msizime pampu ghafla, kwani maji yakirudi kwa kasi ndani ya shimo lisilo na kingo yanaweza kubomoa pande zake. Mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na awe mwingine mbali na yule wa mkandarasi. Aje aone saiti, aamue kama udongo urudishwe kwenye ukingo ule, kama ziwekwe nguzo za kuegemeza, na pampu zipunguzwe vipi. Mlango uliokuwa unafungika ukagoma ndani ya wiki mbili unaonyesha kwamba nyumba imesogea, kwa hiyo bibi asilale chumba kile mpaka mhandisi aseme. Mafundi wako pia wasishuke chini ya ukingo wa mita tatu na nusu usioegemezwa. Hao wako hatarini zaidi kuliko yeyote.

Sasa swali lako. Ndani yake kuna mambo matatu ambayo mkandarasi amekuchanganyia: wewe na bibi, wewe na mkandarasi, na bima na yule aliyeikata. Kila moja lina sheria yake. Ukiyachanganya, utamwambia bibi asubiri bima ilipe, ilhali bibi hana mkataba wowote na kampuni ya bima na hana sababu ya kuisubiri.

Nianze na kilichotokea ardhini, maana ndicho kitakachoamua kesi. Udongo ulio chini ya nyumba hausukumwi kwenda chini tu. Unabanwa pia kutoka pembeni na udongo wa jirani. Ukiondoa wa pembeni, ule uliobaki unatafuta kujaza nafasi, na msingi ulio juu yake unashuka na kuinamia shimo. Nyumba zetu nyingi za zamani zina misingi mifupi, kwa hiyo shimo la mita tatu na nusu limekwenda chini sana kuliko msingi wa bibi. Kisha yapo maji. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na maeneo yaliyo karibu na bonde la Msimbazi maji yako juu. Pampu inapovuta usiku na mchana, maji yanashuka hata chini ya viwanja vya wengine, na mchanga uliokuwa umebebwa na maji yale unajikaza na kushuka. Kama pampu haina kichujio kizuri, inabeba na chembechembe za mchanga wenyewe. Nenda kaangalie maji yanayotoka kwenye bomba lako. Yakiwa na rangi ya udongo, unanyonya ardhi iliyo chini ya nyumba ya watu.

Hapo ndipo dhana yako ya kwanza inapoanguka, ile ya kwamba kazi umeikabidhi. Kwa kawaida ni kweli kwamba mwenye mradi hawajibiki kwa uzembe wa mkandarasi huru. Lakini kuna kazi ambazo kwa asili yake zinamhatarisha jirani, na katika kazi hizo wajibu wa kumkinga jirani haukabidhiki. Kesi inayofundisha jambo hili ni ya Uingereza ya mwaka 1876, Bower dhidi ya Peate, na inafanana na yako kwa namna ya kushangaza. Mtu alimpa mkandarasi kazi ya kubomoa nyumba yake, kuchimba msingi na kujenga upya. Mkandarasi akaahidi kwenye mkataba kwamba ataegemeza nyumba ya jirani na kulipa uharibifu wowote. Nyumba ya jirani ikaharibika. Mahakama ikasema mwenye nyumba hawezi kujificha nyuma ya ahadi ile: aliyeagiza kazi inayoweza kumdhuru jirani ana wajibu wa kuhakikisha kinga imewekwa, na akimpa mwingine wajibu huo, yeye mwenyewe anabaki nao. Kanuni za Uingereza za wakati ule si za kusoma kwa udadisi tu. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inazitambua zile zilizokuwepo hadi Julai 22, 1920, kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Wakili wa familia ya bibi akiwa makini ataanzia hapo, na atakushtaki wewe na mkandarasi kwa pamoja.

Kwa hiyo kwa bibi, unahusika. Lipokee hilo mapema, kwa sababu mambo mengine yote yanakuwa rahisi ukishalipokea.

Kifungu cha mkataba kinachosema hasara kwa majirani ni juu ya mkandarasi kina kazi yake, ila ni kati yenu wawili. Kinakupa haki ya kumdai mkandarasi kile utakachomlipa bibi, na thamani ya haki hiyo ni sawa na kilichomo mfukoni mwa mkandarasi. Kama ni kampuni imara ya daraja la juu katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, haki hiyo ni mali. Kama anaishi kwa malipo ya awamu za mradi wako huu mmoja, ni karatasi. Angalia una nini mkononi: kiasi unachozuia kwenye kila hati ya malipo, dhamana ya utekelezaji (ahadi ya benki au bima kukulipa akishindwa kazi) kama alikupa, na awamu ambazo hazijalipwa. Lakini usianze kukata kwa hasira. Mikataba yetu mingi ya majengo inafuata fomu ya Baraza la Taifa la Ujenzi au inaiga maneno yake, na makato yana utaratibu. Ukikata nje ya utaratibu, wewe ndiye utakayeonekana umevunja mkataba. Unachotakiwa kufanya wiki hii ni kumwandikia barua rasmi, ukitaja kifungu, tarehe nyufa zilipoonekana, na kwamba unamtaka abebe wajibu wake. Mazungumzo ya simu hayatoshi.

Tuje kwenye bima, ambako nadhani umepotoshwa zaidi, na hakukuwa na nia mbaya.

Bima ya kazi za ujenzi kwa kawaida ina sehemu mbili. Ya kwanza inalinda kazi yenyewe: zege, nondo, kuta zinazojengwa, vifaa vilivyoko saiti. Ya pili inalinda dhidi ya madai ya watu wengine walioumia au mali zao kuharibika. Watu husikia kwamba ni bima ya hatari zote, wakadhani imefunika kila kitu. Haijafunika. Mikataba mingi ya aina hii duniani imefuata maneno ya Munich Re ya Ujerumani, kampuni ya bima mtawanyo, yaani inayozikatia bima kampuni nyingine za bima, na katika sehemu ya pili maneno hayo yanaondoa waziwazi uharibifu wa ardhi au majengo unaotokana na mtetemo, au na kuondolewa au kudhoofishwa kwa kinachoyaegemeza. Yaani kile hasa kilichompata bibi. Mtathmini hakubuni kitu.

Ila kinga hiyo inaweza kununuliwa kwa ada ya nyongeza. Katika maneno ya Munich Re ni kiambatisho namba 120. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkandarasi si kama ana bima. Ni kama ana kiambatisho cha mtetemo na kudhoofika kwa egemeo. Mwombe hati nzima ya bima pamoja na viambatisho vyake vyote. Asikupe kavanoti, ile hati ya muda ya ukurasa mmoja.

Na hata kama kiambatisho kipo, usishangilie bado. Kinaweka masharti mazito. Jengo la jirani liwe lilikuwa katika hali nzuri kabla ya kazi kuanza, na hatua za kuzuia madhara ziwe zilichukuliwa. Kampuni ikitaka, mwenye bima aandae kwa gharama yake ripoti ya hali ya majengo ya jirani kabla ya kuchimba. Kisha linakuja sharti linalowashangaza wengi: kinga inahusu jengo linaloanguka, lote au sehemu. Nyufa za juujuu zisizotikisa uimara wa nyumba wala kuhatarisha wakaaji zinabaki nje, na hasara iliyotabirika kutokana na aina ya kazi au namna ilivyofanywa inabaki nje pia. Ukichimba mita tatu na nusu kwenye mchanga wenye maji bila ukuta wa kuzuia udongo, kampuni itauliza kulikuwa na kipi ambacho hakikutabirika.

Nakueleza haya si kukukatisha tamaa, bali upange fedha zako ukijua kwamba bima huenda isilipe, au ilipe sehemu tu.

Hata hivyo, neno la mdomo la mtathmini si uamuzi. Yeye anakusanya taarifa na kutoa maoni. Anayekataa au kukubali ni kampuni, kwa maandishi, ikitaja kifungu inachotegemea. Daini barua hiyo. Hakikisha pia taarifa ya tukio ilipelekwa kwa maandishi na kwa wakati, kwani mikataba mingi huweka siku 14 tangu tukio. Kama mkandarasi alipiga simu tu, apeleke barua leo, na wewe upeleke yako. Angalia kama jina lako limo kwenye hati kama mwenye bima mwenza. Likiwemo, una haki ya kudai wewe mwenyewe. Lisipokuwemo, utapitia kwa mkandarasi, na kama hakulipa ada au alificha habari za maegesho ya chini alipojaza fomu, mzigo wa kosa lake utakuangukia.

Kampuni ikikataa na mkaona imekosea, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inapokea malalamiko. Kwenda huko ni nafuu kuliko kukimbilia mahakamani.

Lipo jambo gumu hapa, na mimi mwenyewe huwa linanisumbua kila linapokuja mezani. Hati ya bima karibu daima inakukataza kukiri kosa, kuahidi malipo au kulipa bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Ukivunja sharti hilo unaipa kampuni sababu nyingine ya kukataa. Lakini upande wa pili wa ukuta yupo bibi anayeogopa kulala nyumbani kwake. Sheria haikutaki uwe jiwe. Nenda kamwone, ufuatane na mtu mzima anayeheshimika, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ikiwezekana. Mpe shikamoo yake, mpe pole, msikilize. Mweleze kwamba umesimamisha kazi na mhandisi anakuja. Hakuna bima inayokataza hayo. Kisha iandikie kampuni siku hiyohiyo kwamba unataka kuegemeza ukuta wake na kumtafutia bibi chumba cha muda ili hasara isikue, na uombe idhini. Mwenye bima ana wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke, kwa hiyo ni vigumu kampuni kukataa ombi kama hilo. Wakichelewa na ukuta ni wa hatari, egemeza. Uhai unatangulia hati. Andika tu kwamba umefanya hivyo kwa dharura, bila kukiri wajibu.

Sasa karatasi ya milioni tano. Ushauri huu nimeusikia mara nyingi kwenye saiti zetu na naupinga kwa nguvu zote. Kwanza, kumwendea mjane mzee bila wakili wake kuwepo, wakati unajua kwamba familia imeshaweka wakili, na kumpa fedha taslimu asaini kuachia madai ambayo hajui ukubwa wake, si haki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa huru, na mahakama inaweza kuutengua mkataba ulioshinikizwa. Pili, nyumba ni ya nani? Umesema ni mjane. Kama kiwanja kimeandikwa jina la marehemu mume wake na mirathi haijafunguliwa, au imefunguliwa na msimamizi ni mtu mwingine, saini ya bibi peke yake huenda isimfunge mrithi yeyote. Utalipa milioni tano leo, na mwakani watoto watakuja na barua ya usimamizi wa mirathi wakidai upya. Tatu, ardhi bado inasogea, na hasara ambayo haijafika mwisho haina bei. Na nne, malipo hayo yatakuwa bila idhini ya bima.

Vipi kuhusu milioni 85? Usiikubali na usiidharau. Jibu barua kupitia wakili wako ndani ya zile siku 14. Omba mchanganuo, na pendekeza ukaguzi wa pamoja: mhandisi wenu, mhandisi wao, na mkadiriaji majenzi wa kupima gharama za ukarabati. Lengo la fidia ni kumrudisha bibi pale alipokuwa kabla ya shimo, hivyo hupaswi kumjengea nyumba mpya ikiwa yake inatengenezeka. Ufa wa zamani unajulikana: ndani yake kuna vumbi, rangi iliyopakwa juu au utando wa buibui, wakati ufa mpya una kingo safi na kali. Mhandisi atabandika vipande vya jasi au kioo juu ya nyufa, aviandike tarehe. Vikikatika, mwendo bado upo. Atapima pia usawa wa sakafu. Kama hamkupiga picha za nyumba ya bibi kabla ya kuchimba, tafuta picha za saiti kwenye simu za mafundi na za mkandarasi. Nyuma ya kijiko mara nyingi huonekana ukuta wa jirani.

Usitegemee sana hoja kwamba nyumba yake ilikuwa dhaifu. Udhaifu unaweza kupunguza kiasi, lakini kisheria wewe unampokea jirani na nyumba yake jinsi ulivyoikuta. Nyumba ile ilikuwa imesimama mpaka ulipochimba.

Kati ya kukubaliana na kwenda mahakamani, mimi naona nguvu za familia zipo kwenye zuio kuliko kwenye fidia. Mahakama ikitoa amri ya kusimamisha kazi, au manispaa ikikufungia saiti, riba ya benki inaendelea na wanunuzi wako wanaanza kuuliza. Mkataba wa maandishi ambao ukarabati unafanywa na fundi atakayekubaliwa, chini ya mhandisi wa pamoja, gharama za makazi ya muda zikalipwa, nyumba ikafuatiliwa mpaka msingi wako ukamilike, na anayesaini ni mwenye mamlaka juu ya nyumba, utakugharimu zaidi ya milioni tano na pengine pungufu sana ya 85. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inataka muda na uvumilivu, na lazima bima ihusishwe tangu mwanzo. Mahakama inakufaa kama familia itakataa ukaguzi wa pamoja, au mkiwa mnabishana kabisa kuhusu chanzo cha nyufa. Usidhani pia kwamba kukaa kimya kutawachosha: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, wana miaka mitatu kwa madai ya madhara. Wewe una miaka sita kumdai mkandarasi kwa mkataba.

Benki iarifu sasa, kwa maandishi. Wanunuzi wawili soma mikataba yao uone tarehe ya kukabidhi na kama ina kipengele cha kuongeza muda.

Swali moja hukuniuliza, nami lazima nikuulize: kibali chako cha ujenzi kina maegesho ya chini? Kama michoro iliyopitishwa na manispaa haina ghorofa hiyo, au kina kimeongezwa saiti, hoja yako kwa bima na kwa mahakama inadhoofika sana, na wewe binafsi unaweza kukabiliwa na hatua za kisheria. Jiji hili limezika watu 36 kwa jengo moja la katikati ya mji lililoporomoka Machi 29, 2013, na wengine zaidi ya 20 Kariakoo, Novemba 2024. Hakuna ofisa atakayelichukulia shimo lako kwa wepesi, na hapaswi.

Nisiyoweza kukufanyia kwa maandishi ni kusoma hati zako. Mtafute wakili anayeshughulika na ujenzi na bima kabla ya siku zile 14 kuisha. Nenda na mkataba wa mkandarasi wote, hati ya bima na viambatisho, risiti ya ada ya bima, kibali na michoro iliyogongwa mhuri, ripoti ya udongo kama ilifanywa, daftari la saiti la kila siku, barua ya familia na bahasha yake yenye tarehe, pamoja na picha zote. Lakini kama leo jioni vipande vile vya jasi vikikatika au ufa ukipitisha kidole, usisubiri miadi ya wakili. Mtoe bibi ndani ya nyumba, watoe mafundi shimoni, na mpigie simu mhandisi wa manispaa.